Kemshafti ya Lori la Chama: Kuichagua na Kuifunga Katika Injini Yenye Turbo

Vyama vingi vya msingi vina lori, na katika mali zote za chama hakuna inayoweza kula fedha kwa haraka kama lori lililoharibika injini. Bati la ghala likitoboka, hasara huonekana na kukadiriwa na kila mwanachama. Injini inapoharibika, ni fundi peke yake anayeona ndani, na Kamati hupelekewa karatasi yenye majina ya vipuri ambavyo wajumbe hawajapata kuviona. Ndipo Kamati hupitisha malipo kwa kumwamini mtu, au huyakataa kwa kumshuku mtu. Njia zote mbili si salama.

Makala haya yanaeleza kipuri kimoja kati ya hivyo, nacho ni kemshafti, hasa ile ya injini ya dizeli yenye turbo. Makusudi yake si kumfanya katibu awe fundi. Ni kumwezesha kuuliza maswali yanayofaa kabla fedha za wanachama hazijatoka, na kuitambua kazi iliyofanywa vizuri itakapokwisha.

Ichukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa pamba. Mwezi wa Mei umeingia na ununuzi unakaribia kuanza. Lori la chama limepoteza nguvu: mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa unapandwa kwa gia ya pili, moshi mweusi unatoka, na juu ya injini kunasikika mgongano kama wa nyundo ndogo. Fundi asema kemshafti imekwisha. Katibu amekusanya hati tatu za bei. Ya kwanza ni ya kemshafti halisi ya mtengenezaji pamoja na vifaa vyote vinavyoambatana nayo. Ya pili ni ya kemshafti peke yake, isiyo na namba wala jina la kiwanda, na bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. Ya tatu imeletwa na kijana wa mjini anayetengeneza magari ya mashindano, naye anaahidi kwamba kemshafti yake "ya mbio" italipa lori nguvu kuliko lilivyokuwa jipya. Kamati inakutana kesho. Ipitishe ipi?

KAZI YA KEMSHAFTI

Injini ya lori hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta hewa, huibana, dizeli hupulizwa na kuwaka, kisha moshi husukumwa nje. Kwa hatua hizo nne krankshafti huzunguka mara mbili. Hewa huingia kwa valvu moja na moshi hutoka kwa nyingine. Valvu hizo hazijifungui zenyewe. Hufunguliwa na kemshafti.

Kemshafti ni fimbo ndefu ya chuma yenye nundu. Kila nundu inapopita huinua tapeti, tapeti husukuma pushirodi, pushirodi huinua roka, na roka huikandamiza valvu ikafunguka. Nundu ikishapita, springi huifunga valvu. Kwa kuwa kila valvu yatakiwa kufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya krankshafti, kemshafti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krankshafti. Krankshafti ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 1,000, na kila valvu hufunguka mara 1,000. Kwa safari ya saa nane kila nundu huwa imeinua tapeti yake mara 480,000. Hapo yaonekana kwa nini sehemu hii haivumilii oili chafu.

Maelezo yanayofuata yanatumia injini ya Cummins 6BT yenye valvu 12, kwa sababu ukoo huo unajulikana sana katika malori. Uzalishaji wake ulianza miaka ya mwanzo ya 1980 nchini Marekani, na mwaka 1993 kampuni ya pamoja ya Tata na Cummins iliundwa India, ambako injini za ukoo huo hutengenezwa Jamshedpur kwa ajili ya malori ya Tata. Katika jina lake, 6 ni idadi ya silinda, B ni ukoo, na T ni turbo. Ujazo wake ni lita 5.9. Kemshafti yake imelala ndani ya bloku, wala haiko juu kwenye silinda hedi kama katika magari mengi madogo, na huzungushwa kwa gia, si kwa mkanda wala mnyororo.

TURBO HUBADILI NINI

Turbo ilipatiwa hataza mwaka 1905 na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na injini ile ile ikatoa nguvu kubwa zaidi. Ekseli hiyo yaweza kuzunguka kiasi cha mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini.

Jambo hili lina uhusiano mkubwa na kemshafti. Mwishoni mwa hatua ya kutoa moshi, valvu ya hewa huanza kufunguka kabla ile ya moshi haijafunga kabisa. Kwa muda mfupi zote mbili huwa wazi. Katika injini ya petroli ya mashindano isiyo na turbo, watengenezaji huurefusha muda huo kwa makusudi, kwa sababu moshi unaokimbia nje kwa kasi huivuta hewa safi nyuma yake.

Katika injini yenye turbo hali ni nyingine. Moshi hautoki huru. Hukutana na gurudumu la turbo na kujikusanya mbele yake. Mara kwa mara shinikizo la moshi huo huwa kubwa kuliko lile la hewa inayoingia. Valvu zote mbili zikibaki wazi kwa muda mrefu, moshi hurudi ndani ya silinda na hata ndani ya njia ya hewa. Nafasi ya hewa safi huchukuliwa na hewa iliyokwisha kuungua, na faida ya turbo hupungua. Ndiyo maana hata mafundi wa magari ya petroli yenye turbo huchagua kemshafti ambayo kilele cha nundu ya hewa kiko mbali zaidi na kile cha nundu ya moshi. Mara nyingi umbali huo ni digrii 112 hadi 116 za kemshafti, ambapo kwa injini za mashindano zisizo na turbo huwa kama digrii 106 hadi 110. Umbali ukiongezeka, muda wa valvu zote mbili kuwa wazi hupungua.

Kwa dizeli kuna sababu ya pili. Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana, kiasi cha 17 kwa 1 katika injini hii. Kwa hiyo pistoni inapofika juu hukaribia mno silinda hedi, na nafasi kati yake na valvu ni ndogo. Kemshafti yenye nundu ndefu inayoziacha valvu wazi wakati huo yaweza kuzigonganisha na pistoni. Valvu hupinda, pistoni hupasuka, na lori hurudi nyumbani kwa kuvutwa.

Iongezwe kwamba lori la mazao linafanya kazi katika mwendo mdogo na mzigo mzito. Kemshafti ya mbio huongeza nguvu pale injini inapozunguka kwa kasi kubwa, na huipunguza pale inapozunguka polepole. Dereva wa pamba anahitaji nguvu mlimani, si kasi barabarani. Kwa hiyo hati ya tatu katika mfano wetu haifai, hata ikiwa kipuri chenyewe ni kizima na muuzaji ni mkweli.

KWANZA UTHIBITISHE UGONJWA

Kabla ya kununua kemshafti, ni wajibu kuhakikisha kwamba kemshafti ndiyo mgonjwa. Nguvu kupungua na moshi mweusi kutoka ni dalili za maradhi mengi: filta ya hewa iliyojaa vumbi, bomba la hewa la turbo lililopasuka au kulegea, nozeli mbovu, valvu zisizorekebishwa kwa muda mrefu. Haya yote ni rahisi kuyachunguza, na baadhi yake hayagharimu kitu.

Kemshafti iliyolika ina dalili zake. Nafasi ya valvu moja hurekebishwa leo, na baada ya siku chache imepanuka tena na kelele imerudi. Ikiwa nundu iliyolika ni ya hewa, silinda hiyo hukosa hewa na kutoa moshi mweusi. Ikiwa ni ya moshi, hewa iliyoungua hushindwa kutoka, na valvu ya hewa inapofunguka hurudi kwa mshindo kupitia njia ya hewa.

Uthibitisho wa kweli ni wa kupima. Fundi hufungua vifuniko vya valvu, huweka geji yenye mshale juu ya pushirodi, huizungusha injini kwa mkono polepole, na kuandika kila pushirodi imepanda milimita ngapi. Pushirodi sita za hewa zapaswa kupanda sawa, na sita za moshi zapaswa kupanda sawa. Ikiwa tano zimekubaliana na moja imepungua waziwazi, nundu hiyo au tapeti yake imelika. Kazi hii haihitaji kufumua injini. Katibu hana budi kudai karatasi yenye vipimo hivyo kumi na viwili, iliyotiwa sahihi na fundi, na kuiambatanisha na maombi ya ununuzi. Fundi anayekataa kupima na kusema kwamba sikio lake linatosha, aombwe kupima hata hivyo.

KUCHAGUA

Vipimo vikishathibitisha, uchaguzi uzingatie mambo yafuatayo.

Kwanza ni namba. Namba ya injini na namba ya orodha ya mtengenezaji husomwa kwenye kibati kilichopigiliwa injini, si kwenye kadi ya gari, kwa kuwa lori laweza kuwa limebadilishwa injini. Injini za ukoo mmoja hazina kemshafti moja. Zile za valvu 24 zilizofuata mwaka 1998 zisidhaniwe kuwa zinabadilishana vipuri na hizi za valvu 12 kwa sababu tu lita zake ni zile zile. Muuzaji aandike namba ya kipuri katika hati yake ya bei. Hati isiyo na namba haina thamani mbele ya mkaguzi.

Pili ni ugumu wa nundu. Uso wa nundu umefanywa mgumu kwa joto, na ugumu huo haupiti ndani kabisa. Ngozi hiyo ikiisha, chuma laini cha ndani hulika kwa haraka sana. Kwa sababu hiyo kemshafti iliyotumika, hata ikipigwa brashi na kung'aa, ni bahati nasibu. Iliyosagwa upya hukubalika tu ikiwa karakana inaweza kuonyesha vipimo vyake na kueleza namna ilivyorudisha ugumu. Nundu zitazamwe kwenye mwanga: zisiwe na vishimo, mikwaruzo wala alama za kubanduka. Fimbo nayo iviringishwe juu ya vishikizo ili kuona kama imepinda.

Tatu ni tapeti. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Uso wa tapeti umetengenezwa ili tapeti izunguke kidogo kila inapoinuliwa, isilike mahali pamoja. Tapeti na nundu yake huzoeana tangu siku ya kwanza. Tapeti ya zamani iliyochimbika ikiwekwa juu ya nundu mpya huitafuna. Kanuni ni hii: kemshafti mpya, tapeti zote mpya, nazo ni 12. Ikiwa kemshafti ya zamani inarudishwa kwa sababu ni nzima, basi kila tapeti irudi mahali pake ilipotoka.

Nne ni vifaa vinavyoambatana. Bushi ya mbele ya kemshafti, kibati kinachoizuia isicheze mbele na nyuma, gasketi, sili ya mbele ya krankshafti, oili na filta viwe ndani ya hati moja. Gia ya kemshafti ikaguliwe meno. Ikiwa nzima yaweza kuhamishiwa katika fimbo mpya, lakini hupashwa moto na kushindiliwa kwa mashine. Isipigwe nyundo.

Sasa zipimwe hati za mfano wetu. Ikiwa hati ya kwanza ni shilingi 100, ya pili ni shilingi 40. Lakini hati ya pili haina gasketi wala sili, tuseme shilingi 10, wala haina oili na filta, tuseme 12. Basi ile ya 40 imekwisha kuwa 62, na tapeti bado ni zile zilizolika. Nundu zikitafunwa kabla msimu haujaisha, chama kitanunua tena ile ya 100. Jumla ni 162, fundi amelipwa mara mbili, na pamba imelala ghalani mara mbili. Bei ndogo kuliko zote si lazima iwe nafuu kuliko zote, na muhtasari wa Kamati ueleze hivyo kwa maneno kamili, ili mwanachama atakayeuliza katika Mkutano Mkuu kwa nini hati ya chini iliachwa apate jibu lake.

KUFUNGA

Kazi hii ni ya fundi mwenye kitabu cha mtengenezaji na vipimo, katika mahali safi. Haifai kufanywa chini ya mwembe siku ya upepo. Mambo ambayo katibu au mjumbe aliyeteuliwa anaweza kuyafuatilia ni haya.

1. Betri hufunguliwa waya, maji na oili humwagwa, na rejeta huondolewa ili kupata njia ya kuivuta kemshafti kwa mbele. Roka na pushirodi hutolewa na kupangwa kwa mfuatano wa silinda, kila moja ikiwa na alama. Ieleweke kwamba katika injini hii baadhi ya bolti zinazoshika roka ndizo hizo hizo zinazoshika silinda hedi. Wakati wa kurudisha zikazwe kwa toki renchi na kwa hatua zilizoandikwa kitabuni.

2. Tapeti za injini hii zina umbo la uyoga, nazo haziwezi kutoka kwa juu. Kemshafti ikivutwa bila kuzishika, huanguka chini. Mafundi huingiza vijiti vya mti vyenye unene unaofaa katika matundu ya pushirodi, huvisukuma vikaze ndani ya tapeti, huziinua, na kuvifunga viwiliviwili kwa mpira ili zisishuke. Kemshafti ikishatoka, kifaa kama kihori kirefu huingizwa katika tundu lake ili kuzipokea tapeti za zamani moja moja na kuingiza mpya.

3. Puli na kifuniko cha mbele huondolewa, na pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ambayo huendeshwa na kemshafti, hutolewa pembeni. Injini huzungushwa mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa na alama za gia zikutane. Pini ya taimingi iliyo katika nyumba ya gia husaidia kuipata nafasi hiyo. Ikishatumika irudishwe nyuma, kwa sababu injini ikizungushwa pini ikiwa ndani, huvunjika.

4. Kifuniko cha mbele kikiwa wazi, itazamwe pini ndogo ya chuma inayoshikanisha nyumba ya gia na bloku. Katika injini hizi za valvu 12 inajulikana kwamba pini hiyo huweza kulegea kwa mtetemo, ikatoka polepole na kuangukia kati ya gia. Huvunja gia na wakati mwingine nyumba yake. Kuizuia kwa kibati kidogo kinachoshikwa na bolti ya jirani ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo sana. Kuiacha ni uzembe.

5. Bolti mbili za kibati cha kuzuia hufunguliwa, na kemshafti huvutwa nje polepole huku ikizungushwa, nundu zisikwaruze bushi. Matundu husafishwa, bushi hupimwa. Kemshafti mpya hupakwa mafuta mazito ya kufungia injini juu ya kila nundu, na uso wa kila tapeti vilevile, kisha huingizwa taratibu.

6. Alama ya gia ya kemshafti ikutane na ile ya krankshafti, na gia ya pampu ya nozeli ikae katika alama yake. Jino moja tu likikosewa, valvu hufunguka wakati usio wake au dizeli hupulizwa wakati usio wake. Hapa injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, isilazimishwe, sababu itafutwe.

7. Valvu hurekebishwa injini ikiwa baridi: ya hewa milimita 0.25, ya moshi milimita 0.50. Pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa juu katika hatua ya kubana, hurekebishwa valvu za hewa za silinda 1, 2 na 4, na za moshi za silinda 1, 3 na 5. Krankshafti huzungushwa mzunguko mmoja kamili, kisha hurekebishwa za hewa za silinda 3, 5 na 6, na za moshi za silinda 2, 4 na 6. Mfuatano wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

TURBO ISISAHAULIWE

Chuma kilicholika kutoka kwenye nundu hakikupotea. Kimeingia katika oili. Oili hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye beringi za turbo. Kwa hiyo sampu ifunguliwe na kusafishwa, filta na oili vibadilishwe, bomba la kupeleka oili kwenye turbo lipulizwe, na ekseli ya turbo ijaribiwe kwa vidole kama inacheza kupita kiasi. Chama kikifunga kemshafti mpya na kuacha oili ya zamani, kitarudi kununua turbo.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, oili safi imiminwe katika tundu la oili la turbo, kisha injini izungushwe kwa stata huku dizeli ikiwa imekatwa, mpaka geji ya oili ipande. Injini ikiwaka, isikanyagwe mpaka shinikizo la oili litulie. Baada ya hapo fundi hufuata kitabu katika kuizoeza. Baada ya safari za kwanza oili na filta vibadilishwe mapema kuliko kawaida, na nafasi za valvu zipimwe tena. Dereva naye akumbushwe: baada ya mlima mrefu, injini iachwe ipumue dakika chache kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze beringi za turbo.

KUMBUKUMBU ZA CHAMA

Kazi ya karakana ikiisha, kazi ya katibu inaendelea. Kipuri kipya kiingizwe katika leja ya ghala kabla ya kutolewa kwa fundi, na namba yake ilinganishwe na ile ya hati ya bei. Stakabadhi ya muuzaji iambatanishwe na hati ya malipo. Kemshafti ya zamani na tapeti zake 12 zirudishwe ghalani, zifungwe kibandiko chenye namba ya lori na tarehe, na zitunzwe mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe. Nundu iliyolika ni shahidi asiyesahau. Huonyesha kwamba ugonjwa ulikuwapo na kwamba kipuri kilibadilishwa kweli. Matengenezo yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Yakizidi, Kamati ifuate taratibu kwanza, isitumie kwanza na kuomba baadaye.

Katika daftari la lori ziandikwe kilomita za siku hiyo, aina ya oili, na kilomita za kuibadilisha tena. Mara nyingi kemshafti hufa kwa sababu oili ilipitishwa muda wake msimu mzima, kwa hoja kwamba hapakuwa na nafasi ya kusimamisha lori. Galoni za oili zilizookolewa ndizo zilizonunua kemshafti.

Turudi kwa chama cha mfano. Kamati yenye karatasi ya vipimo mbele yake itaona kwamba pushirodi tano za hewa zimepanda sawa, na ya silinda ya nne imepungua milimita moja na nusu. Hapo hakuna ubishi tena juu ya ugonjwa. Itaiweka kando hati ya tatu kwa sababu lori si gari la mashindano, na ya pili kwa sababu haina namba wala tapeti. Itapitisha ya kwanza, itamteua mjumbe mmoja kushuhudia kufungwa kwake, na itaandika sababu katika muhtasari. Lori litachelewa siku chache. Lakini mkulima aliyebeba pamba yake kichwani mpaka ghalani hatakuta ghala limejaa na ununuzi umesimamishwa, na mwisho wa msimu hatakatwa senti katika malipo yake kwa ajili ya kipuri kilichonunuliwa mara mbili.